Wakikutaja Usipokuwepo

Hawa mama yangu,

Nimefunga karakana mapema leo, na wateja wamedhani naumwa. Siumwi. Nyumbani hapakaliki. Mama yako na shangazi zako wametoa kila kitu sandukuni ili wakipange upya, na kila anayepita mlangoni ana la kukuusia. Nimesikia habari ya chandarua, ya maji ya kuchemsha, ya kutotoa kichwa dirishani treni ikiwa inakwenda. Hayo nimewaachia wao. Mimi nina jambo moja tu, na nimeona niliandike, maana juzi nilijaribu kulisema tukaishia njiani.

Uliniambia, tena kwa adabu: "Baba, sitaki kubebwa. Nchi hii imeharibiwa na kujuana. Kazi yangu ndiyo itakayonisemea."

Nilikuwa nimekutajia jina la Mshamu, fundi mwenzangu wa zamani, kwamba yuko Mwanza siku hizi, na kwamba ukifika ukamsalimie. Basi. Sikusema akutafutie cheo. Kazi ya maabara kwenye hicho kiwanda cha samaki umeipata mwenyewe. Uliomba mwenyewe, ukahojiwa mwenyewe, na hakuna mtu aliyenyanyua simu kwa ajili yako. Jambo hilo linanipa raha, na tangu habari zije nimekuwa nikimsimulia kila anayeleta friji kutengenezwa, hata asiyeuliza. Lakini uliposema kazi itakusemea nilishtuka, kwa sababu maneno hayo ni yangu. Niliyasema nikiwa na umri kama wako, nikaishi nayo miaka mingi, na ninataka ujue yalinifikisha wapi.

Ulizaliwa Dar es Salaam, ila tulipoondoka ulikuwa mdogo, hukumbuki. Nilikuwa fundi majokofu katika kampuni moja ya umma iliyokuwa na ghala la baridi la samaki. Nilikuwa fundi mzuri, nalisema bila kujisifu. Nilikuwa nikisikia mlio wa mota umebadilika kabla taa nyekundu haijawaka. Nilifika kazini mapema, nikaingia chumba cha mashine, na sikutoka mpaka jioni. Mchana wenzangu walikwenda kula kwa mama ntilie nje ya geti, wakakaa kwenye mabenchi wakibishana mambo ya mpira. Mimi nilikula kulekule ndani chakula alichonifungia mama yako, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Sikuwa na ugomvi na mtu. Akifiwa mwenzetu nilitoa mchango, lakini nilimpa mtu anipelekee. Nilijiambia kwamba maneno mengi ni ya watu wasiojua kazi, na kwamba fundi hujulikana kwa mashine yake.

Kisha mambo ya nchi yakageuka. Maduka yakajaa vitu ambavyo tulikuwa tumevisahau, watu wakaanza kuvaa mitumba bila kuona haya, na mashirika yakaambiwa yajitegemee au yauzwe. Kwetu ikaja amri ya kupunguza wafanyakazi. Kamati ikakaa, majina yakabandikwa ubaoni karibu na geti, na langu lilikuwemo.

Niliamini kabisa kwamba wamekosea. Nikaenda kwa mhandisi mkuu, mtu ambaye mashine zake nilikuwa nimezilea kama watoto. Nilimkuta anatoka ofisini. Nikamwambia nadhani jina langu limeandikwa kimakosa. Alinitazama, na wala hakuwa na ubaya usoni, akaniuliza, "Samahani, bwana, wewe ulikuwa idara gani?"

Hawa, nilimtajia idara, akatikisa kichwa kwa huruma, akaenda zake. Baadaye nimewahi kufukuzwa, nimewahi kutukanwa na wateja, lakini hakuna kilichoniuma kama swali lile lililoulizwa kwa upole.

Tukarudi Kibiti, kwa wazazi wa mama yako, kwa sababu kwetu Mbwera, kule visiwani, nilionea haya kurudi mikono mitupu. Wakatupa shamba la mihogo na vyumba viwili. Nikawa naandika barua za kuomba kazi. Nilizipeleka posta mwenyewe, na nilikwenda posta kuangalia majibu mpaka karani akawa ananipungia mkono kutoka mbali kwamba hakuna kitu, nisijisumbue kufika dirishani. Nilikuwa nakaa kibarazani na vyeti vyangu ndani ya bahasha ya nailoni. Mama yako hakunisema hata siku moja. Alianza kukaanga maandazi na kuyauza stendi, mabasi ya Lindi yanaposimama.

Mama yako si mtu wa kuuza andazi kimya kimya, unamfahamu. Akimpa mtu andazi, anamuuliza anatoka wapi, anakwenda kwa nani, mgonjwa anaendeleaje. Akipita tena mwezi ujao, anamuuliza yule mgonjwa kwa jina. Mimi nilikuwa naona ni umbea wa stendi.

Siku moja alirudi akaniambia kuna muuguzi anaitwa Sista Tatu, anayepeleka chanjo za watoto kutoka Utete hadi visiwani. Jokofu la zahanati ya Mbwera, lile la mafuta ya taa, lilikuwa limekataa kupoza, na chanjo zilikuwa zinarudishwa Utete katika kasha la barafu huku akina mama wamekwisha kupanga foleni na watoto mgongoni. "Nimemwambia mume wangu ni fundi majokofu," mama yako akasema. "Anakungoja kesho asubuhi."

Nilikasirika. Nilimwambia amenitangaza stendi kama bidhaa. Akaniuliza kama kuna uongo wowote aliousema. Hakukuwa na uongo.

Basi nilikwenda. Tulishuka hadi Nyamisati, tukapanda mtumbwi, tukaingia kwenye vijito kati ya mikoko. Nilikuwa sijafika kwetu tangu nipunguzwe kazi. Lile jokofu halikuwa na ugonjwa mkubwa. Bomba lake la moshi lilikuwa limeziba masizi, utambi umeungua vibaya, na sakafu ya zahanati ilikuwa imedidimia upande mmoja, na jokofu la aina ile likisimama kombo halipozi. Nikasafisha, nikakata utambi, nikalisimamisha sawa kwa vipande vya mbao za mkoko, tukangoja. Kufika asubuhi lilikuwa limeshika baridi. Nikafunga vifaa vyangu, nikaaga.

Sista Tatu akasema, "Unakwenda wapi? Kaa tunywe chai, nikujue."

Niliona ajabu. Kazi imekwisha, sasa tujuane kwa lipi? Lakini nilikaa. Aliniuliza nilisomea wapi, nilifanya kazi wapi, kwa nini niliacha. Nilijibu kwa mkato mwanzoni. Yeye akanisimulia habari zake bila kuulizwa: jinsi alivyoogopa maji alipopangiwa visiwani, jinsi alivyolia mara ya kwanza mtumbwi ulipokwama kwenye tope. Nikajikuta nacheka. Nikajikuta nimemweleza hata lile swali la mhandisi mkuu, ambalo sikuwa nimemwambia mtu isipokuwa mama yako.

Nadhani aliamua jambo palepale. Wiki iliyofuata alinichukua Utete. Tulivuka kwa pantoni, akanipeleka hospitali ya wilaya, akanizungusha kwa watu wanaohusika na zahanati zote za bondeni na visiwani. Kila mlango alisema vilevile: "Huyu ndiye aliyetengeneza jokofu la Mbwera. Anakwenda mwenyewe hadi kule, na analala hapohapo mpaka aone limepoza." Hakuniombea kazi popote. Alisema alichokiona, akanyamaza. Kisha tulipotoka alinionya: "Kila utakapoitwa na mtu niliyekuonyesha, ukimaliza uniambie ilikwendaje, kwa heri au kwa shari, maana nimewapa neno langu."

Hilo nimelishika mpaka leo, na ningependa ulishike. Mtu akikutambulisha kwa mtu, mrudishie habari. Watu wengi wakishapokelewa humsahau aliyewafungulia mlango, naye anabaki gizani hajui kama alifanya vizuri au alijiaibisha.

Ndivyo nilivyoanza kuzunguka zahanati. Na ndivyo Bwana Nassoro alivyonipata. Huyo ndiye mnunuzi wa kamba unayemfahamu, yule uliyekuwa ukimwogopa kwa sababu ya sauti. Wakati ule biashara ya kamba wa baharini ilikuwa imefunguka, na wanunuzi walikuwa wakiingia visiwani na masanduku ya barafu. Yeye alitangulia kuleta friza kubwa na jenereta Mbwera. Alipouliza Utete kama kuna fundi huku, watu wakamtajia jina langu, na mimi sikuwepo. Nilikuwa shambani napalilia mihogo, na jina langu lilikuwa Utete linanifanyia kazi.

Nikamfanyia Bwana Nassoro kazi vizuri mpaka siku ile kompresa ya friza ilipokufa. Haikuwa ya kutengenezeka. Bamvua, yale maji makubwa ya bahari, lilikuwa linakaribia, wakati kamba wanapatikana kwa wingi, na akina mama wa Mbwera na waume zao walikuwa wameshatayarisha nyavu. Bwana Nassoro alinieleza wazi kwamba bamvua likimkuta bila friza, atahamishia kituo Kilwa, na hatarudi. Dukani Dar es Salaam kompresa ya aina ile ilikuwa haipatikani. Nilijua mtu mmoja tu anayeweza kujua iliko, na huyo ni Mshamu.

Mshamu tulifanya kazi pamoja katika lile ghala la baridi. Alikuwa mmoja wa waliobakishwa. Sikuwa nimewahi kukaa naye benchi moja, wala kumwandikia tangu niondoke. Nilimwambia mama yako siwezi kwenda kwa mtu ambaye sikumpa salamu kwa miaka yote ile, nikamwendee leo nina shida. Mama yako alikuwa anakanda unga. Akasema, "Nenda. Akikataa utarudi ulivyo sasa hivi."

Nilikwenda. Nilimkuta kwake Mbagala, amekaa nje na wanawe. Nilijiandaa kujitambulisha upya, lakini aliniita jina langu kutoka mbali, akaagiza niletewe kiti. Nikaeleza shida yangu haraka, nimesimama, kama mtu anayetaka kuondoka kabla hajafukuzwa. Akaniambia nikae kwanza.

Tulikunywa maji. Akaniuliza habari za watoto. Kisha akasema jambo ambalo nadhani lilikuwa limemkaa muda mrefu.

"Mimi nilikuwa kwenye ile kamati ya kupunguza watu," alisema. "Jina lako lilipotajwa tuliulizwa, nani anamjua huyu, ana la kusema? Nilikaa kimya. Si kwa ubaya. Nilitafuta la kusema juu yako nikakosa. Ulikuwa ukila peke yako. Wenzako walidhani unatudharau."

Nilitamani kukasirika, ingekuwa rahisi zaidi. Lakini nilimwona ana uso wa mtu aliyelala na jambo hilo kwa miaka. Nikamwambia ukweli, ambao hata mimi niliujua kwa mara ya kwanza nilipousikia ukitoka mdomoni mwangu: "Sikuwa nawadharau. Nilikuwa nawaogopa."

Akacheka, si kwa kunicheka. Akasema hata wao walikuwa wakiniogopa mimi.

Kompresa aliijua iliko. Ilikuwa katika friza iliyokufa bodi, kwa mtu wa Kurasini. Tulikwenda pamoja asubuhi, akanisaidia kuifungua, akanitafutia na gari la kunifikisha Kibiti. Bamvua liliikuta friza ya Mbwera inafanya kazi. Kituo kipo mpaka leo, na karo yako ya shule, mama, imepita humo.

Lakini nililolipata safari ile ni zaidi ya kompresa. Tangu hapo mimi na Mshamu tunaandikiana. Mara nyingi hatuombani kitu. Anaeleza mashine mpya aliyoiona, namweleza jinsi chumvi ya huku inavyokula mabomba. Nilimwandikia ulipofaulu. Aliniandikia alipofiwa na mkewe, na safari ile sikumpa mtu mchango anipelekee. Nilipanda basi. Kampuni yetu ya zamani ilipouzwa naye akaachwa, ni mimi niliyesikia kwa Bwana Nassoro kwamba viwanda vya samaki vya Mwanza vinatafuta mafundi, nikamtumia habari. Huko ndiko alikoanzia upya. Sasa niambie, hapo nani amembeba nani?

Najua unachokiogopa unaposema kujuana, na una haki. Nimeona watoto wa watu wakiingizwa ofisini hawajui hata kushika kalamu. Hata mimi nimeshaombwa. Unamkumbuka binamu yako Athumani, alipooa akawa hana kazi, shangazi yako akaja akitaka nimwingize kwa Bwana Nassoro. Sikukataa na sikukubali. Nilimchukua Athumani nikafanya naye kazi masika nzima. Shangazi yako aliacha kunisemesha, akawaambia watu eti namfanyisha damu yangu kibarua. Masika ilipokwisha nilikwenda naye kwa Bwana Nassoro, na mbele yake Athumani nikasema, "Huyu asubuhi ni mzito kuamka. Lakini hasemi uongo, na akiharibu kitu anakuja kusema mwenyewe." Athumani aliinama kwa aibu. Bwana Nassoro akasema wazito anao wengi, wakweli hana, akamchukua. Leo ndiye anayeshika funguo za kituo. Kama ningemsifu tu kwa kuwa ni mtoto wa dada yangu, angeanguka, na neno langu lingeanguka naye, na siku ambayo angekuja mwingine mwenye kufaa, nisingekuwa na neno la kumpa.

Ndiyo tofauti ninayoiona, na sijui kama nimeieleza vizuri. Kujuana unakokuchukia ni kumfunika mtu asionekane alivyo. Ninakokuambia mimi ni kuacha uonekane. Vyeo vinagawiwa, safari za masomo zinapangwa, mtu wa kukabidhiwa maabara anatafutwa, na mara zote hizo watu wamekaa chumba ambacho wewe humo. Kazi yako haina mdomo, mama. Itasemewa na mtu aliyekuona unaifanya, naye atasema tu kama anakujua.

Nakuogopea kwa sababu umenirithi. Ulipokuwa chuo ulinisimulia masomo yote, lakini nilipokuuliza wenzako wanaitwaje ulinitajia mmoja. Unapokuja likizo unakula na kitabu. Sikulaumu. Ukimya si dhambi, na sitaki ugeuke kuwa mama yako, maana dunia haiwezi kuwabeba wawili. Mtu mmoja kwa wakati mmoja anatosha. Mjue anayeosha vyupa vyako vya maabara sawa na unavyomjua anayekusainia ruhusa. Wasichana utakaoanza nao kazi, waangalie vizuri, kwa sababu baada ya miaka wengine ndio watakaokuwa wakubwa, nanyi mtakuwa mmekua pamoja. Ukijua jambo linalomfaa mtu, mpelekee kabla hajauliza. Ukishindwa na jambo, uliza ukiwa bado hujazama. Mimi nilikwenda kwa Mshamu nikiwa nimezama hadi shingoni, na nilibahatika kwamba ni mtu mwema.

Utafika mahali ambapo hakuna anayekufahamu, na najua usiku huu hilo linakutia hofu. Mimi naliona kwa namna nyingine. Hakuna huko mtu mwenye la kusema juu yako, jema wala baya. Nafasi yote iko wazi. Mimi nilikuwa mtu mzima mwenye watoto nilipoanza, na bado ilitosha. Wewe unaanza na miaka yote mbele yako.

Mshamu sijamwandikia kwamba unakuja. Nilianza barua kisha nikaiacha, kwa sababu ukienda kwake nataka uwe umekwenda wewe, si kwamba umetumwa. Anwani yake anayo mama yako. Ukiitaka, muombe. Usipoitaka, sitakuuliza tena, na wala sitakuwa na kinyongo.

Ila siku ya kwanza utakapoingia pale kiwandani, mwambie mtu mmoja jina lako lote, na la babu yako ndani yake, kisha umuulize lake, usubiri akujibu.

Nenda na Mungu, mama yangu.

Baba yako
Kibiti